Biti ya Miguu ya Marehemu

Upumbavu wa kwanza ulikuwa wangu, ingawa aliyeshika bisibisi alikuwa rafiki yangu. Nilimuua mzee wa watu redioni. Nilimuua jioni, mama akiwa jikoni anamenya ndizi, na nilimuua kwa sauti nzuri kiasi kwamba nikijisikiliza leo natamani kuhudhuria mazishi.

Lakini ukianza na maiti watu hukimbia. Ngoja nianze na biti.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, mkazi wa Rwamishenye, na ni msanii wa kufoka. Andagraundi. Nasikia huko Dar es Salaam wakisema andagraundi wana maana ya msanii ambaye bado hajatoka. Sisi wa Bukoba tulikuwa chini ya ardhi kabisa. Mwalimu wa nidhamu hajui, padre hajui, mama anajua nachezea redio lakini hajui kwamba ni kazi. Hadhira yetu yote ilikuwa mbuzi wa bibi yake rafiki yangu kule Hamugembe, anayefungwa nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la studio. Mbuzi yule alisikia nyimbo zetu zote na hakuwahi kukata kamba. Sisi tuliona hiyo ni sifa.

Studio ilikuwa chumba cha rafiki yangu: kitanda, gunia la kahawa lililotundikwa dirishani kuzuia kelele za kuku, na redio kaseti ambayo kaka yake aliileta. Kaka huyo ni utingo wa malori ya misaada yanayopeleka unga kwenye kambi za wakimbizi kule Ngara. Aliipataje redio, hatukuuliza. Yeye ndiye pia aliyetuletea kaseti za Wamarekani weusi kutoka Mwanza, nakala ya nakala ya nakala, zinavuma mpaka ungedhani jamaa wanafokea ndani ya sufuria ya maharage. Tulikariri kila neno bila kuelewa. Mwalimu wa Kiingereza alishangaa siku moja nilipomjibu swali la wakati uliopita kwa msemo ambao mpaka leo sijui ulikuwa tusi au sala.

Kutengeneza biti kunahitaji redio mbili. Unatafuta katika wimbo wa watu kipande kidogo cha ngoma ambapo hakuna anayeimba. Redio moja inapiga, ya pili inarekodi. Kipande kikiisha unasimamisha, unarudisha kaseti nyuma kwa kuizungusha na kalamu, unaachia tena. Tena na tena, mpaka vidole viote sugu. Ukichelewa hata kidogo biti inajikwaa kama mlevi anayetoka kilabuni. Lakini ukipatia, ndugu yangu, kile kipande kinazunguka bila kukoma, na unajisikia kama mtu aliyeiba mvua akaifungia chumbani.

Redio ya kwanza ilikuwa ya rafiki yangu. Ya pili ilikuwa ya mama.

Hapo ndipo shida ilipo, kwa hiyo nisikilize vizuri. Redio ya mama iliachwa na baba. Baba alikuwa mchuuzi wa samaki, akienda visiwani Muleba na kurudi, mpaka alipoanza kukohoa na kukonda, na baada ya hapo hakwenda tena popote. Alipozikwa, baba mkubwa alichukua baiskeli, akachukua koti, akaitazama na redio. Mama akaikalia. Simaanishi kwamba aliitetea kwa maneno. Aliikalia, akafunika na khanga, akawahudumia wageni chai akiwa amekaa hivyo hivyo.

Na aliitaka kwa jambo moja tu, matangazo ya vifo. Miaka hii kwetu watu wanaondoka kama kumbikumbi, kila jioni kuna jina la Kagera, "baada ya kuugua kwa muda mrefu", na kila mtu anajua huo muda mrefu ni ugonjwa gani na hakuna anayeutaja. Mama hakosi. Kuna mwaka betri ziliisha na yeye akasema atanunua kesho, na jioni hiyo hiyo redio za majirani zikatangaza kifo cha mjomba wangu, kaka yake wa pekee, kule kwao Ijumbi. Aliambiwa asubuhi, akakosa gari kutwa nzima. Alipofika, udongo ulikuwa umeshakauka juu. Kwetu kumkosa mtu wako kaburini ni kitu cha kukukondesha hata kama huna ugonjwa. Tangu siku hiyo nyumba yetu imewahi kukosa chumvi mezani lakini redio haijawahi kukosa betri.

"Siku redio hii itakaponinyima msiba kwa sababu ya michezo yako," aliniambia, "nitaipeleka mwenyewe kwa baba yako mkubwa. Wewe utaimbia ndoo."

Sasa basi. Ukumbini kule ufukweni kulikuwa na disko toto kila Jumapili mchana, na DJ alikuwa ametangaza shindano. Masharti: uje na biti yako mwenyewe, usiimbe juu ya wimbo wa watu. Atakayepagawisha ukumbi, DJ atanakili kaseti yake na kuisambaza, mpaka visiwani. Tulipiga kelele njiani kutoka ukumbini mpaka Hamugembe. Tulijiona tayari kwenye kila mtumbwi wa ziwani.

Maikrofoni ya mkononi hatukuwa nayo, ila ile iliyomo ndani ya redio, inayonasa mpaka kuku. Rafiki yangu alikuwa amesikia kwamba spika za masikioni ukizichomeka kinyume, unaziongelea nazo zinasikia. Na ni kweli. Ila redio ya mama haikuwa na tundu la kuzichomekea. Rafiki yangu akasema tutengeneze tundu. Mimi nikasema sawa. Alipofungua mgongo wa redio na kupitisha bisibisi, kitu kikafanya ting. Ule uzi mwembamba unaovuta mshale wa stesheni ulikatika, ukajikunja pembeni kama mnyoo aliyeguswa. Kaseti ikawa inapiga vizuri tu. Lakini redio yenyewe ikabaki na sauti moja, shhhh, tangu mwanzo wa mistari hadi mwisho.

"Haijaharibika sana," rafiki yangu akasema.

"Imebaki nini?"

"Imebaki shhhh."

Fundi alisema tuipeleke Jumatatu. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumapili ni shindano. Na jioni hiyo hiyo mama angetaka matangazo yake.

Shuleni nasifika kwa kuiga sauti. Mkuu wa shule namwiga mpaka mbwa wake huitikia. Basi nikasema, ugumu uko wapi? Tulikaa kitandani. Rafiki yangu akapiga glasi kwa kijiko kuigiza mlio wa saa, akapuliza taratibu karibu na redio ili kuleta mawingu ya masafa, na mimi nikashusha sauti mpaka tumboni.

"Tunasikitika kutangaza kifo cha mzee…"

Nilitangaza vifo vya watu wa Songea, Kigoma na Lindi, watu ambao hatuwezi kuwafahamu. Nikaona haitoshi. Kama hakuna hata mmoja wa Kagera, mama atashuku. Sasa ukitaka kudanganya, chagua mji usioujua. Mimi nilichagua kwao mama. Nikasema "wa Ijumbi, wilayani Muleba", nikamtaja mzee kwa jina lililokuwa likielea kichwani mwangu, nikidhani nimelitunga. Kisha nikamwongezea watoto, maana nilikuwa nimenogewa: "Habari ziwafikie wanawe walioko Mwanza, Tabora na Kampala, pamoja na wajukuu zake wote popote walipo." Nikapumua kama watangazaji wanavyopumua. Rafiki yangu alilia machozi ya kweli.

Jioni nikaiweka redio sebuleni, nikabonyeza, nikakaa na kitabu cha jiografia. Kutoka jikoni nikasikia kisu cha mama kinamenya Songea, kinamenya Kigoma, kinamenya Lindi. Kilipofika Ijumbi kikanyamaza.

Mama akatokea mlangoni na ndizi mkononi.

"Imesema nani?"

Hapo ningeweza kuokoka. Ningesema sikusikia. Badala yake nilimtajia jina lote.

Mama akakaa juu ya kinu. "Huyo ndiye aliyemzika mjomba wako," akasema. "Aliwazuia watu kaburini mpaka jua linazama, akisema dada yake yuko njiani. Nilipochelewa, alichukua udongo akatupa wa kwake, halafu akatupa wa kwangu." Akainuka. "Huyu simkosi. Hata kama nitatembea."

Sasa nilijua jina lile nililitoa wapi.

Asubuhi Rwamishenye ilikuwa imeshajipanga. Kina mama wa jumuiya hawamwachi mwenzao aende msibani peke yake. Walikuja na maharage, sukari na mafuta ya taa, wakapata lori tupu lililokuwa linakwenda Muleba kupakia ndizi. Mimi nilipewa mkungu wa kubeba. Nao ulikuwa mkubwa, wa heshima.

"Mama," nikasema pembeni ya lori, "labda siye yeye. Majina yanafanana."

"Wa Ijumbi hiyo hiyo?"

"Labda redio imekosea."

"Redio hukosea bei ya kahawa," akasema. "Vifo haikosei. Na hiyo redio ilete, tutalala huko, sitaki kupitwa na matangazo."

Kwa hiyo nilisafiri na mkungu begani, redio kifuani, na marehemu wangu ndani yake.

Njia nzima nilikuwa natafuta mahali pa kukiri. Barabara ilikuwa imejaa vumbi la malori ya misaada, kina mama wamejifunika khanga mpaka puani. Palikuwa na mmoja, mwenye duka karibu na kwetu, ambaye anajulikana kata nzima kwa kilio. Akilia yeye, hata waliokuja kudai madeni hulia. Mwingine alimwomba aanze japo wimbo wa kwaya.

"Acheni," akasema. "Sauti naitunza. Mzee wa watu siwezi kumlilia kwa mabaki."

"Na huyu kijana mbona anatetemeka?"

"Alimpenda mjomba wake," mama akajibu, akanishika bega. Mkono ule ulikuwa mzito kuliko mkungu.

Lori likatushusha barabarani Ijumbi, tukashika kinjia cha migombani. Kwa desturi hakuna anayelia njiani. Unakwenda kimya mpaka pale kinjia kinapoingia kwenye kibanja cha mfiwa, hapo ndipo unaachia. Tulipofika, mwenye duka akavuta pumzi, akaweka mikono kichwani, na akaachia. Nasema kweli, kama ningekuwa na kaseti tupu ningerekodi. Wengine wakapokea. Wakaingia uani wakiyumba, wakimwita mzee kwa jina, wakimuuliza amewaachia nani.

Mzee alikuwa kwenye mtumbwi.

Si mtumbwi wa ziwani. Kwetu gogo lililochongwa kama mtumbwi hulazwa chini, ndizi zilizoivishwa huwekwa ndani pamoja na nyasi, na wanaume huingia kwa miguu na kuzikanyaga mpaka maji yake yatoke, ndiyo yawe rubisi, pombe yetu. Mzee alikuwa humo ndani, suruali imekunjwa mpaka magotini, povu la ndizi limempanda miguuni, jirani yake mmoja mbele yake, wote wawili wameinua mguu wa kulia.

Nilijiandaa kucheka. Najua ni vibaya lakini nilijiandaa, mdomo ulikuwa tayari. Ila mzee hakutuangalia kama mtu anayechekesha. Alisikia kilio kinaingia uani kwake akaruka kutoka kwenye mtumbwi, akateleza, akainuka na majani magotini, akamkamata mama mabegani.

"Ni mtoto?" akauliza. "Ni yule mtoto? Nimemwacha salama shuleni asubuhi. Niambie tu."

Kicheko changu kilikwenda sijui wapi.

Mwenye duka ndiye aliyejibu, mikono bado iko kichwani. "Si mtoto, waitu. Ni wewe."

"Mimi?"

"Umefariki. Imetangazwa."

Mzee akajitazama miguu. Akamtazama jirani yake. "Wewe ulisikia?"

"Mimi sina redio," jirani akasema kutoka ndani ya mtumbwi. "Nilikuona unakanyaga, na mimi nikakanyaga."

Hapo mzee akaketi chini na kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, na kina mama wakasimama pale na kilio nusu mdomoni, hawajui wakimeze au wakiteme. Mmoja alimgusa bega kwa kidole, akarudisha kidole haraka. Mama peke yake hakumtazama mzee. Alinitazama mimi. Halafu akaitazama redio kifuani kwangu.

"Ilisema redio," akauliza taratibu, "au ulisema wewe?"

Nikaweka mkungu chini.

"Piga hiyo kaseti," mama akasema. "Mbele ya watu."

Kuna adhabu nyingi duniani. Nimechapwa shuleni, nimelimishwa bustani ya padre, nimepigwa na mbuzi. Hakuna iliyofikia ile ya kusimama uani kwa mtu na kusikiliza sauti yako mwenyewe ikimtangaza kuwa amekufa, huku yeye ameketi mbele yako anajipangusa povu. Glasi ikalia ting. Songea, Kigoma, Lindi. Ijumbi. Nilimwona mama akikunja ncha ya khanga na kuikunjua, na nilijua redio ile, tukirudi mjini, inakwenda kwa baba mkubwa, na mimi naimbia ndoo.

"Habari ziwafikie wanawe walioko Mwanza, Tabora na Kampala…"

Mzee akainua mkono. "Simamisha hapo."

Nikasimamisha.

"Rudisha kidogo."

Sikuwa na kalamu. Nilibonyeza kitufe cha kurudisha, kikakwaruza, nikaachia. Wanawe walioko Mwanza, Tabora na Kampala.

"Wangu walikuwa watatu hivyo hivyo," mzee akasema. "Wote wako pale." Akaonyesha kwa kidevu nyuma ya migomba, mahali palipopandwa maua mekundu. "Amebaki mjukuu. Nilikuwa nikijiuliza siku yangu ikifika huyo mtangazaji atasema habari zimfikie nani." Akaitazama redio. "Umewapeleka mbali. Umewapa na miji. Rudisha tena."

Nikarudisha. Akasikiliza ameinamisha kichwa upande, kama mtu anayemsikiliza mgeni anayeongea kwa sauti ya chini. Mwenye duka alikuwa analia tena, safari hii bila kuweka mikono kichwani, na hakuna aliyemwomba.

Mara ya tatu nilichelewa kusimamisha. Matangazo yakaisha, na kwa kuwa tulirekodi juu ya kaseti ya kazi, biti yetu ikalipuka kutoka chini yake. Dum, ka, dudum. Ikajikwaa, ikaendelea. Nikaruka kuizima.

"Na hiyo ni nini?" mzee akauliza.

"Biti, taata. Ya kufokea."

"Mbona inachechemea?"

"Ni… imeunganishwa."

Mzee akainuka. "Kina mama, ingieni ndani mkae, mmechoka. Mmekuja kunililia, mtanililia, siwezi kuwarudisha na machozi. Lakini huyu," akaniwekea mkono kichwani, mkono unaonuka ndizi mbivu, "amenikosea mbele ya watu. Kwetu mtu hajifichi nyuma ya redio. Atasimama ajitaje."

Kila Mhaya anaelewa maana yake. Ni kwebuga. Harusini, au mbele ya wakubwa, mwanaume husogea na mkuki mkononi, anajisema yeye ni nani, mwana wa nani, amefanya nini, haraka haraka bila kuvuta pumzi, na akikwama watu wanamzomea. Niliona babu zangu wakifanya hivyo nikiwa mdogo, nikadhani ni mambo ya wazee. Sasa mzee alitoka ndani na mkuki wenye kutu, akanikabidhi, na yeye na jirani yake wakarudi kwenye mtumbwi, maana rubisi haisubiri kesi.

Wakaanza kukanyaga.

Na hapo, nasema kweli mbele ya mbuzi na mbele ya watu, nywele zilinisimama. Fwa, fwa, chwaka. Fwa, fwa, chwaka. Miguu miwili inazama kwenye nyasi, ya mwingine inabana ubavu wa gogo, maji ya ndizi yanajibu kwa chini. Ilikuwa nzito, ilikuwa na maji ndani yake, ilizunguka yenyewe na haikujikwaa hata mara moja. Miezi yote ile nilikuwa naiba ngoma za Wamarekani kwa kalamu, na ngoma ilikuwa inakanyagwa nyuma ya kila nyumba Muleba.

"Mama," nikasema, na sauti ilikuwa imenitoka vibaya, "geuza kaseti upande wa pili. Bonyeza vitufe viwili pamoja. Chekundu na cha pembeni."

"Mimi?"

"Tafadhali, mama. Pamoja. Usiachie."

Alinitazama kwa muda ambao ungetosha kunichapa. Kisha akapiga goti, akageuza kaseti, akabonyeza vyote viwili kwa vidole gumba, kama mtu anayeua chawa, akaisogeza redio karibu na mtumbwi.

Nikainua mkuki.

"Mimi ndiye, mwana wa mchuuzi wa samaki aliyevuka maji na hakuvuka kikohozi. Mimi ndiye niliyekata uzi kwa bisibisi ya kuazima. Mimi ndiye niliyemzika mzee angali na kiu, nikamlia ndizi zake kabla hazijaiva. Niliogopa ndoo, nikauza sauti. Mama yangu alikalia redio kama kuku, nami nikavunja yai. Nitazameni, Ijumbi, mimi ndiye…"

Sikumbuki yote. Nilichanganya Kiswahili na Kihaya, nikatia na lile neno la Kimarekani ambalo huenda ni tusi. Kila nilipomaliza mstari jirani wa mtumbwini aliitikia "Ego!", yaani ndiyo, na mguu ukashuka. Kina mama walitoka ndani. Mwenye duka alianza kupiga makofi kwa nyuma ya mdundo, mahali ambapo hata rafiki yangu hajawahi kufikiria kuweka kofi. Nilipokwama mzee alikanyaga kwa nguvu zaidi akanisukuma mbele. Kaseti ilipofika mwisho ikakata, tak, na mimi nilikuwa nimelowa jasho, mkuki umenitia kutu mkononi.

"Hajakwama sana," mzee akasema. "Mpeni chakula."

Tulilala Ijumbi kama tulivyopanga, kwenye nyasi safi zilizotandazwa sakafuni, ila bila msiba. Mjukuu wake alirudi kutoka shule akakuta babu yake amejaziwa wageni, akauliza kuna sherehe gani. Asubuhi mzee alitoa sharti moja: ninakili upande wa pili kwa kazi zangu, kaseti yenyewe niirudishe Ijumbi ikiwa na upande wa kwanza mzima. Jirani mwingine ana redio, atakuwa anakwenda kuwasikiliza wanawe.

Jumapili tuliingia ukumbini. Rafiki yangu alikuwa amekesha usiku wa Jumamosi akiunganisha, ingawa hakukuwa na cha kuunganisha. Alirudia kila dakika kwamba mimi ni mwongo, hakuna miguu inayopiga hivyo. DJ alipoiweka kwenye spika kubwa, fwa, fwa, chwaka, ukumbi ulitulia kwanza. Vijana wa mjini walitazamana. Halafu mmoja, mtoto wa Muleba bila shaka, akaanza kukanyaga. Akafuata wa pili. Ukumbi mzima ukawa mtumbwi, sakafu ya mbao inalia, na mimi juu ya meza nikijitaja mpaka sauti ikakauka. Tulikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa na shati linalong'aa. Lakini iliyonakiliwa na DJ ni yetu, na wiki hiyo mchuuzi wa dagaa kutoka visiwani alimwambia mama sokoni kwamba wavuvi huko wana wimbo mpya, wanavuta nyavu nao, na ndani yake kuna mtu anamtaja mama yake kuwa kuku.

Jumatatu, siku moja baada ya shindano, mama mwenyewe alinipeleka kwa fundi, akasimama mlangoni mpaka uzi ulipofungwa. Nilikuwa nasubiri atamke jina la baba mkubwa. Hakulitamka.

Jioni akaiweka redio sebuleni, akakaa nayo karibu, mimi nikakaa na jiografia. Glasi ya kweli ikalia. Mtangazaji wa Dar es Salaam akasoma wa Tanga, akasoma wa Dodoma, akafika kwa mama mmoja wa Kagera, na jina la marehemu akalitafuna kama mfupa, akatema vipande, hata ndugu zake wasingemjua. Mama alitikisa kichwa. Alisubiri matangazo yaishe yote, akapunguza sauti, akaisukuma redio upande wangu wa meza.

"Kuanzia sasa ni yako mchana kutwa, jioni ni yangu," akasema. "Na siku yangu ikifika, nitangaze wewe. Useme jina langu kama ulivyolisema la mzee wa Ijumbi, sawasawa. Ila usinizidishie watoto, uliye mmoja umenitosha."